Uso wa Solange

Sogeeni, na mwenye kutafuna amalize kwanza. Leo siwachekeshi.

Zamani huko Ufaransa, enzi za wafalme, aliishi mjane wa ukoo mkubwa, Bibi Valmorin. Watu wale kazi yao ilikuwa kupumzika, basi! Akamwita mchoraji aitwaye Garnier amchore yeye na binti zake wawili bustanini, wakinywa chokoleti na kupiga gitaa. Garnier akichora hariri, unatamani kuishika. Kwa hiyo Bibi akaamuru, "Anza na magauni. Nyuso zitangoja."

Akachora magauni, vikombe, hata kijibwa. Wiki ya sita ndui ikaingia nyumbani, ikamchukua binti mkubwa, Solange, miaka kumi na sita. Kwenye picha gauni lake la buluu lilikuwa tayari, na juu ya shingo hapana kitu. Jamani, hapana kitu!

Bibi akalia hadi sauti ikakauka. Akasema, "Atakayenirudishia uso wa mwanangu, nikifa picha hii ni yake."

Akaja Perrine, yaya aliyemnyonyesha Solange. Siku ishirini alisimama nyuma ya mchoraji. "Sio huyo, bwana. Akizuia kicheko, aliuma mdomo hapa, upande huu."

Akaja Clotilde, mdogo mtu, aliyefanana naye macho na taya. Siku hizo hizo ishirini alivaa gauni la marehemu na kukaa kwenye kiti chake, akijikaza asilie, uso usije ukavimba.

Naye Garnier alifuta na kuanza upya mara kumi na moja. Mkono ukamuuma, akaufunga kitambaa, akaendelea.

Siku ya ishirini na moja Bibi akapiga magoti mbele ya picha. "Solange! Umerudi, mwanangu!"

Garnier akachukua brashi. "Sasa Bibi, nichore uso wako na wa Clotilde."

"Usiiguse tena! Sisi tubaki hivyo hivyo."

Miaka tisa Bibi alikaa akiitazama picha ile. Clotilde akiita, "Mama," anajibiwa, "Nyamaza, niko na dada yako." Inauma, wallahi. Mpaka Bibi akafa.

Sasa wamesimama watatu mbele ya picha moja.

Perrine anasema, "Solange kalala ndani ya kanisa la ukoo, na sisi watumishi haturuhusiwi kuingia. Nikamlilie wapi?"

Garnier anasema, "Maisha yangu yote nimechora vitambaa. Huu ndio uso pekee nilioujua kuuchora."

Clotilde anasema polepole, "Macho yale ni yangu. Mama aliyatazama miaka tisa, na mimi nilikuwa nyuma ya kiti chake. Pale nilipochorwa, mpaka leo sina uso."

Mimi mwenzenu nimewaza nimechoka, kila nikimpa mmoja nawalilia wawili. Haya, wewe uliyekaa kimya hapo: ufunguo wa nyumba ile uko mkononi mwako, na wote watatu wanakutazama. Picha unampa nani?