Kaa, Ule

Hapo zamani, mpira ulipokuwa wa ngozi na wenye kamba ya kukuchana paji la uso ukiupiga kichwa, palikuwa na chuo cha ualimu kikiitwa Lugombo, juu milimani, kwenye baridi. Chuo kile kilikuwa na timu, na timu ilikuwa na desturi yake. Nami nilikuwamo, namba kumi na mbili, yaani mkaa benchi. Kwa hiyo niliona yote.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Baada ya mechi, tushinde tushindwe, tulikaa bwaloni na hakuna aliyegusa ugali mpaka mwenye kosa la siku ile asimame na kujitaja. Mmoja tu. Aliyeumizwa na kosa hilo ndiye aliyemjibu: "Kaa, ule." Akishakaa, kosa limekwisha, halitajwi tena bwenini wala darasani.

Mechi ya kwanza tulifungwa mawili. Akasimama beki, akasema, "Mimi nilimwacha mtu wangu." Kipa akamwambia, "Kaa, ule." Akakaa, akala. Mechi ya tatu tulitoka sare. Akasimama winga, akasema, "Mimi nilikuwa mchoyo wa pasi." Mshambuliaji akamwambia, "Kaa, ule." Akakaa, akala, na nyongeza akaomba. Ndivyo tulivyofika fainali ya ngao ya vyuo, bila kinyongo.

Kipa wetu aliitwa Lusekelo. Alikuwa amebakiza mtihani mmoja tu awe mwalimu, na mwandiko wake ubaoni ulikuwa mzuri hata wakufunzi walimwita awaandikie.

Mistari ya uwanja tulikuwa tukiichora kwa majivu ya jikoni. Kwenye nusu fainali mvua iliyafuta, refa akalikataa goli letu la halali, tukaponea chupuchupu. Basi kabla ya fainali, nahodha Anzuruni akaenda kwa Mzee Sigala, fundi wa majengo pale chuoni, akaomba chokaa.

"Hii haijazimwa kwa maji," fundi akamwambia. "Ikilowa inaunguza."

"Mzee, wageni wanakuja. Tunataka mistari ionekane."

Mzee Sigala akatazama juu, akaona jua kali, akampa debe zima.

Kipindi cha pili mvua ikanyesha. Lusekelo akajirusha kwenye mstari wa goli, akaudaka mpira, akainuka na uso mweupe kwa chokaa. Tulikuwa tunaongoza moja bila. Akamnyooshea mkono mwalimu wa michezo, Mwalimu Nkondola.

"Mwalimu, macho yanawaka."

Mwalimu akatazama saa. "Zimebaki dakika kumi. Vumilia, kijana wangu."

Akavumilia. Akadaka mpira mwingine, sijui kwa masikio au kwa nini. Ngao tukaichukua, na Lusekelo akapelekwa hospitali.

Jioni ile bwaloni hakusimama mtu. Tulikula. Hilo linaniuma mpaka leo: tulikula, tena kwa nyimbo, kwa sababu tulikuwa tumeshinda.

Wiki ya tatu Lusekelo alirudi kuchukua sanduku lake. Macho yalikuwa yamekufa yote mawili. Ilikuwa saa saba mchana, ugali umeshapakuliwa. Akaingia bwaloni ameshikwa mkono na kaka yake, akasimama mlangoni, akauliza, "Ile mechi mliimaliza?"

Tukajua anauliza nini.

Akasimama Anzuruni. "Ni mimi. Majivu yalikuwepo jikoni. Fundi alinionya, na mwalimu hakujua kilichokuwa kwenye mistari ile. Mimi nilijua, nikaimwaga chokaa kwa mkono wangu, na mvua ilipoanza sikusema neno."

Akasimama Mzee Sigala, maana mafundi nao walikula bwaloni. "Huyu ni mtoto, hatari ya chokaa aliisikia tu. Mimi nina miaka thelathini kwenye chokaa, nimeshaona mtu akiungua. Kukataa ningeweza. Nililiamini jua la asubuhi. Kosa ni langu."

Akasimama Mwalimu Nkondola. Mwalimu kusimama kutaja kosa lake mbele ya wanafunzi, hilo lilikuwa halijawahi kutokea. "Hao walikosea kabla mtu hajaumia. Mimi niliitwa ameshaumia. Ndoo ya maji ilikuwa miguuni pangu. Ningemtoa, ningemwosha kwa maji mengi, pengine jicho moja lingepona. Niliitazama saa, sikumtazama yeye."

"Mmesimama wangapi?" Lusekelo akauliza.

"Watatu," nikamjibu mimi, kwa kuwa wengine walikuwa wanalia.

"Desturi ni mmoja."

Hakuna aliyekaa. Kila mmoja alimwangalia mwenzake akae, na mwenzake hakukaa.

Kaka yake akamnong'oneza kwamba gari linaondoka. Lusekelo akageuza uso kuelekea mezani, lakini si kwa Anzuruni, si kwa fundi, si kwa mwalimu. Akasema, "Kaa, ule."

Jina hakutaja. Akapapasa mlango, akatoka, na Lugombo hakurudi tena.

Wale watatu walibaki wamesimama mpaka ugali ukaota ngozi. Sisi wengine hatukula. Mwaka uliofuata timu haikuundwa, na ngao ikabaki ukutani bila mtu wa kuifuta vumbi.

Neno lile lilikuwa moja, na lilikuwa la mtu mmoja. Nimeligeuza miaka yote hii, nimeshindwa. Sasa nawatupia nyinyi. Anzuruni, Mzee Sigala, Mwalimu Nkondola: je, nani alistahili kukaa?