Baraza la Wazee na Sinia la Halua

Hapo zamani, masultani walipokuwa wakitunga sheria baada ya kula na kabla ya kulala, aliishi mjini Mtangani fukara mmoja jina lake Shaame. Alifungwa kwa kuiba sinia la halua jikoni kwa Sultani, na hakukana, maana alikamatwa masharubu yakimnata.

Basi palikuwa na baraza la wazee, kazi yao kuamua nani afunguliwe kabla ya muda wake. Mfungwa akisema ametubu, humwambia, "Hayo ni maneno tu." Akinyamaza, humwambia, "Moyo wako mgumu." Ikawa hatoki mtu. Malalamiko yakamfikia Sultani, naye akatoa sheria mpya: mfungwa awekewe kitu kile kile alichoiba, wazee wamtazame tangu asubuhi hadi alasiri, na asipokigusa aende zake.

Shaame aliposikia alifurahi, kisha akaogopa. Ijumaa binti yake Mwanakheri anaolewa, na wa kumwozesha ni yeye baba. Lakini alijijua. Kwa halua hakuwa na ubavu, na gerezani alikuwa akila muhogo mkavu tu.

Alhamisi sinia likaletwa, halua inang'aa samli. Shaame akameza mate, akafumba macho, akasema, "Wazee wangu, sheria yasema kitu kile kile. Niliyoiba mimi ilikuwa na zafarani. Hii je?"

Mkuu wa baraza, Sheikh Dadi, akakuna ndevu. "Ionje basi."

"Nikiigusa nimeshindwa, bwana wangu. Kuonja ni kwenu."

Sheikh Dadi akamega, akasema zafarani ipo. Mwenzake akasema haipo, akamega naye. Wa tatu akashauri waonje na katikati, maana pembeni si hoja. Shaame, macho kayafumba, akakumbusha kwa adabu kwamba halua haionjwi pasipo kahawa chungu. Kahawa ikaletwa, na mjadala ukanoga.

Alasiri Sultani akaingia, akakuta sinia jeupe.

"Shaame, umeshindwa."

"Seyyid, vidole vyangu vikavu hivi. Nakuomba utazame na ndevu za baraza."

Sultani akatazama. Ndevu za Sheikh Dadi zilikuwa zimegandana.

"Tulikuwa tukihakikisha, Seyyid," akasema Sheikh, kwa sauti ndogo.

Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka. Akawapeleka wazee gerezani, kwa kuwa nao wamekula halua yake, na Shaame akamfanya mkuu wa baraza. Ijumaa Shaame akamwozesha binti yake, akalia mbele za watu bila haya.

Siku ya kujaribiwa Sheikh Dadi ikafika. Sinia likawekwa, Shaame akaketi kumtazama. Sheikh akafumba macho, akasema, "Mkuu, hii siyo ile ile. Ionje."

Shaame akavuta pumzi kidogo.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Mimi harufu yanitosha."