Mzoga wa Nyati Mlangoni kwa Mama Pimbi

Zamani hizo za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na serikali yao, uliingia ugonjwa wa kimeta. Nyati wakawa wanaanguka, puu! puu!

Mheshimiwa Simba akatoa amri: nyama ya mzoga hailiwi. Nyati akifia mlangoni kwako, umzike wewe kabla jua halijatua, tena shimo refu. Usipozika, uhame. Kusimamia amri hiyo akapewa Fisi. Akawa Bwana Afya, na kofia na filimbi.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja nyati dume akafia mlangoni kwa Fisi mwenyewe!

Fisi akautazama mzoga. Akalitazama jembe. "Nichimbe mimi, Bwana Afya mzima? Aka!"

Akamng'ata nyati mguu, akamburuta kinyumenyume, kwaruu, kwaruu, mpaka mwambani kwa Mama Pimbi, mjane mdogo wa watu, aliyekuwa amekwenda kuchuma majani.

Mama Pimbi kurudi, nyati kaziba mlango! Watoto wanalia ndani: "Mama, huku giza!"

Prrrii! Filimbi. Fisi huyo.

"Mama Pimbi! Zika mzoga wako, la sivyo leo unahama!"

"Shikamoo, Bwana Afya. Nani kakwambia kuna mzoga hapa? Mimi mwenyewe ndio kwanza nafika."

Fisi akababaika. "Ah... pua! Nimenusa!"

Pimbi akaelewa. Lakini nani angemwamini yeye, amwache Bwana Afya? Akachukua kijembe chake, akaanza kuchimba, chwi, chwi, huku akili inakwenda mbio.

Alasiri Simba akaja kukagua, wanyama wote nyuma yake. Shimo la Pimbi lilikuwa halitoshi hata kuzika panzi.

"Mama Pimbi, jua likitua hujamzika, utahama," Simba akasema.

"Nitahama, Mheshimiwa. Ila tazama majani yalivyolala. Nyati huyu kaburutwa."

"Na nani?"

"Labda Tembo. Labda Kifaru. Ni kazi ya mwenye nguvu. Bwana Afya wetu hata tusimtaje. Maskini, na kiuno kile kilichoanguka! Kumvuta kuku tu angehema wiki nzima."

Kwa-kwa-kwa! Wanyama wakaangua kicheko. Tembo akacheka mpaka akakaa chini.

Masikio ya Fisi yakasimama. "Kuku?"

"Usione haya, baba. Kila mtu na alivyojaliwa."

"Kuku! Mimi!" Fisi akajipiga kifua, ndu! "Nimemburuta nyati huyu peke yangu, toka mlangoni kwangu, kilima chote kile, bila kupumzika hata mara moja!"

Wanyama wote wakamgeukia Fisi.

Simba akamsogelea taratibu. "Toka mlangoni kwa nani?"

"Kwa... kwa..."

"Shika jembe."

Fisi akachimba, wanangu! Jasho chururu, mate chururu, maana minofu yote ile ilikuwa mbele ya pua yake na haruhusiwi hata kulamba. Alipomaliza kumfukia nyati, alikaa juu ya kaburi akalia kwa njaa. Pimbi akaingia ndani kuwakumbatia wanawe.

Kesho yake Bwana Afya akaomba uhamisho.

Basi, wanangu, anayesimamia sheria na aanze kuifuata yeye.