Kanzu ya Bwana Harusi wa Ujiji

"Doa la damu halitolewi kwa maji ya moto." Ndivyo alivyosema mama yenu mdogo asubuhi alipokuwa akiwatuliza wajomba zenu, nanyi mkanifuata huku jikoni kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Hapo zamani Ujiji palikuwa na dobi mmoja, Mzee Kashindi. Alipofariki, kazi ilibaki mikononi mwa watoto wake wawili, Mwajabu na mdogo wake Nasoro. Mwajabu alifua. Nguo ikifika aliigeuza ndani nje, akakagua mishono, akajaribu rangi yake kwenye pindo kwa kitambaa kibichi kabla hajaitia majini. Hariri hakuikamua, aliiviringisha ndani ya taulo akaikandamiza. Nasoro alipiga pasi ya makaa. Kila mara aliijaribu kwanza kwenye kitambaa chakavu, na nguo yenye darizi aliipiga kwa upande wa nyuma ili nyuzi zisilale bapa. Watu waliwaamini, wakawaletea nguo ambazo wao wenyewe waliogopa kuzigusa.

Jumatano moja alikuja Bi Sikudhani na kanzu nyeupe yenye darizi kifuani, iliyokuwa imeanza kupiga manjano kwa kukaa sandukuni. Alieleza kwamba marehemu mumewe alioa akiwa ameivaa kanzu hiyo, na sasa mwanawe angeivaa Ijumaa, siku ya harusi yake. Mwajabu akampa hongera, akamwuliza kijana anamwoa binti wa nani. Bi Sikudhani akadhani anataniwa.

"Unaniuliza mimi, dada? Si Subira wenu, binti Nasoro?"

Mwajabu hakujua. Mtoto wa ndugu yake anaolewa, na shangazi mtu anapata habari kwa mteja. Nasoro alikuwa na sababu yake ya kuficha. Mjomba wa yule kijana ndiye aliyekuwa mume wa Mwajabu, akamwacha vibaya, na jina lake halikutajwa tena katika nyumba ile. Nasoro aliona heri dada yake ajue mambo yakiwa yameshapita.

Mwajabu aliipokea. Aliifua kanzu ile kama inavyotakiwa, akaianika, ikarudi kuwa nyeupe. Alhamisi asubuhi Nasoro alipoitandaza mezani ili aipige pasi, Mwajabu alimwendea akasimama mbele yake.

"Nasoro, kanzu hii ni ya nani?"

"Ya mteja, dada."

Hapo ndipo moyo ulipomchemka. Aliishika kanzu upande mmoja, akasema kwamba harusi ya kufichana haitapigiwa pasi katika nyumba ya baba yake. Nasoro akaivuta upande wa pili. Wakavutana kama watoto, watu wazima wale, mpaka Mwajabu alipoachia ghafla, na mkono wa Nasoro ukaenda kwa nguvu kwenye msumari uliochomoza pembeni mwa meza. Kiganja kikachanika. Damu ikamwagika kwenye kanzu, juu ya darizi.

Wote wawili wakapigwa na butwaa. Kanzu ile haikuwa na ya pili yake. Nasoro akakimbilia jikoni, akalichukua birika la maji yaliyokuwa yakichemka kwa ajili ya wanga wa kukazia nguo, akaja nalo. Mwajabu akamshika mkono.

"Weka chini," akamwambia. "Ukiimwagia hayo, damu itaiva humo humo ndani ya uzi, na haitoki tena mpaka nguo ichakae."

Aliteka maji baridi mtungini. Akaigeuza kanzu, akaimwagia kwa nyuma ili damu itokee kule kule ilikoingilia. Hakusugua. Akatia chumvi katika beseni, akailoweka, kisha akachana kitambaa akamfunga ndugu yake kiganja bila kumtazama usoni.

Baada ya hapo ikawa kazi ya kungoja. Maji yakiwa mekundu, Mwajabu aliyamwaga, naye Nasoro akaenda kisimani kuteka mengine kwa mkono mmoja. Walifanya hivyo muda mrefu. Mwishowe Nasoro akasema, "Niliogopa utakataa."

"Ningekataa," Mwajabu akajibu. "Ningekataa, ningelia, kisha ningekuja kumpaka hina mwanangu. Wewe umeninyima hata kukataa."

Nasoro akaomba radhi.

Kumbe huko nje habari ilishaenea kwamba Mwajabu amemchoma nduguye kisu. Mara akaingia ami yao, Mzee Kilozo, na wanaume kadhaa wa ukoo, wote wamefura. Mzee Kilozo akaamuru Mwajabu aondoke katika nyumba ile siku hiyo hiyo, na harusini asionekane. Mwajabu akainuka kwenda kufunga vitu vyake. Nasoro akamzuia, akaitoa kanzu majini, akamwonyesha mzee doa lililobaki, jepesi kama kivuli.

"Ami, keti kwanza," akasema. "Hili nilitaka kulimwagia maji ya moto, dada akanizuia. Doa la damu halitolewi kwa maji ya moto. Na sisi ni damu, ami. Tuacheni tuloweke."

Mzee Kilozo aliitazama ile kanzu, akautazama mkono uliofungwa kitambaa, akauliza ni nani aliyeufunga. Alipoambiwa ni Mwajabu, aliketi. Wale aliokuja nao wakatoka mmoja mmoja.

Alasiri kanzu ilikuwa safi. Nasoro aliipiga pasi kwa mkono wa kushoto, na Mwajabu akamshikia nguo isijikunje. Kisha akaenda kumpaka Subira hina. Siku ya harusi hakumsalimu yule mume wake wa zamani, wala hakuna aliyemlazimisha. Na msidhani alimsamehe Nasoro siku ile. Alimnunia mpaka mwezi wa mfungo ulipoandama, ndipo akampelekea futari. Lakini alinuna akiwa ndani ya nyumba ya baba yake, akifua nguo ambazo Nasoro alizipiga pasi.

Tangu hapo, Mzee Kilozo alipoitwa kuamua ugomvi wa mtu na nduguye, alianza kwa maneno yale ya Nasoro, na watu wakayachukua. Basi wajomba zenu wakigombana tena na mkasikia mtu akisema doa la damu halitolewi kwa maji ya moto, jueni hasemi habari za kufua.