Mbwa Aliyeitwa Langoni

Mtu mmoja, fundi mwashi jina lake Bura, aliwapenda mbwa tangu utotoni. Alipokuwa mdogo aliwagawia ugali wake kila mama yake alipogeuka. Alipokuwa mtu mzima walimfuata mpaka kazini, wakalala juu ya mchanga wake wa kujengea, na watu wakamtania kwamba siku ya harusi yake mbwa walikuwa wengi kuliko wakwe. Yeye hakuona haya. Hakuwahi kuwafundisha lolote. Aliwaita, wakaja, hilo lilimtosha.

Mikono yake ilipochoka na matofali, jirani yake mjane, Mama Gwandu, alimjia. Wezi walikuwa wameingia zizini kwake baada ya kumvuta mbwa wake nje kwa kipande cha nyama, na mbuzi wachache waliobaki ndio waliokuwa chakula na ada ya shule ya wajukuu wake. Akamwomba amfundishie mbwa mwingine. Bura akakubali kwa furaha, akidhani kupenda na kufundisha ni kazi moja.

Akachagua mbwa mchanga, akamwita Karani, kwa sababu alipenda kuketi mlangoni na kumkagua kila aingiaye. Alipokwisha kumzoea, akampeleka zizini kwa mjane. Akamlaza na mbuzi, akamzoeza kula kwa mkono wa Mama Gwandu peke yake, na kutotoka zizini kwa sauti ya mtu mwingine yeyote. Kazi ile ilikuwa ngumu kwa mwalimu kuliko kwa mbwa. Mara nyingi Karani alipomlilia, Bura aliinuka kwenda kumbembeleza, kisha akajirudisha mwenyewe.

Katika nchi ile mbwa wa zizi hukabidhiwa kwa desturi moja. Aliyemlea husimama nje, lango likiwa wazi, na nyama mkononi, akamwita. Mbwa akitoka, hurudi na aliyemlea, na zizi hubaki bila mlinzi. Maana mwizi naye huja na nyama, na sauti yake huwa laini.

Siku ikafika, majirani wakasimama kando ya ua. Bura akaita, lakini kwa sauti kavu, kama mtu aitaye mbwa wa watu. Karani hakuinua hata kichwa.

"Karani yuko ofisini, leo hapokei wageni," mmoja akasema, na watu wakacheka.

Mama Gwandu hakucheka. "Mzee Bura," akasema, "ukiniita hivyo hata mimi siji. Mwite kama unavyomwita nyumbani kwako."

Bura akaitazama nyama iliyokuwa mkononi mwake. Alijua kwamba Karani akitoka atakuwa wake siku zote, na hakuna atakayemlaumu. Alijua pia mbuzi wale walikuwa nini kwa mama yule. Akapiga magoti vumbini, akafungua mikono, akamwita kwa upendo wote aliokuwa nao, bila kuuficha hata kidogo.

Karani akasimama. Akaja mpaka langoni, akilia chinichini, akamtazama mtu aliyempenda kuliko wote. Kisha akaketi pale pale, mbuzi wakiwa nyuma yake, na mkia wake ukawa unapiga ardhi bila kukoma.

Bura akainuka, akampa mjane ile nyama ili amlishe. Akaenda zake taratibu huku akijifuta uso, na waliomtazama hawakujua kama ni kwa huzuni au kwa furaha. Labda hata yeye hakujua. Tangu siku ile watu walimwita mwalimu wa mbwa, naye hakukataa.

Nanyi mnaowapenda watoto wenu, je, mmewafundisha kubaki pale wanapohitajika, hata mnapowaita ninyi wenyewe?