Nani Amvishe Atuganile Joho?

Hapo zamani, si zile za masultani bali zamani hizi zetu za juzijuzi, alikuwapo mhasibu wa kiwanda cha chai kule Rungwe, jina lake Atuganile. Shahada ya kwanza alikuwa nayo. Akaitamani ya uzamili. Akaomba vyuo viwili, vyote vikamkubali. Kimoja kikubwa, Dar es Salaam. Kingine kidogo, kwao mlimani, ambacho ungekizunguka chote na kurudi kabla chai yako haijapoa.

Watu wakamwambia, "Nenda kikubwa! Hiki cha hapa nani anakijua?"

Dada yake, Subilaga, aliishi Dar peke yake, na upweke ulikuwa umemchosha. Angeweza kusema tu, "Njoo." Hakusema. Alikwenda chuo kikubwa, akaketi nyuma darasani, akasikiliza. Akapanda basi mpaka Rungwe, akaketi nyuma kwenye chuo kidogo, akasikiliza.

"Mdogo wangu," akasema, "kule mwalimu alimaliza kipindi bila kumtazama mtu. Hapa mwalimu aliniuliza hata mimi mgeni kama nimeelewa. Natamani mno tuishi wote. Lakini soma hapa."

Akasoma hapo. Mwaka haukuisha, wenzake wakahama mmoja mmoja hadi akabaki peke yake. Wakuu wa chuo wakataka kulifunga darasa. Mwalimu wake, Dakta Mwakalobo, alikuwa ameitwa mjini kwenye cheo kikubwa.

"Mwanafunzi mmoja naye ni darasa," akawaambia wakuu. Cheo akakikataa. Akamfundisha ukaguzi wa hesabu kwa sauti ya kujaza ukumbi, wala hakumlegezea hata kidogo.

Mwaka wa pili Atuganile akajifungua. "Basi," akasema, "nimefika mwisho."

Mama mkwe wake, Bibi Gwantwa, ambaye hajawahi kuingia darasani, akamjibu, "Mtoto atalelewa, mwanangu. Wewe inuka."

Kila asubuhi bibi akambeba mjukuu mgongoni, akapanda mlima, akaketi barazani mwa chuo. Mvua yake, baridi yake. Mtoto akilia, mama anatoka, ananyonyesha, anarudi kwenye somo. Vijana wakacheka, "Bibi naye kaanza chuo!"

"Ndiyo," akawajibu, "na nitafaulu!"

Na Atuganile akafaulu. Akawapita wahitimu wote wa mwaka ule, wa kila fani. Na desturi ya chuo kile ni hii: anayeongoza huvishwa joho mbele ya watu na mtu mmoja tu, anayemchagua mwenyewe.

Siku ya mahafali wakaja wote watatu, wamependeza, vichwa juu.

Subilaga akasema, "Mimi nilisema ukweli ulioniacha mpweke. Bila mimi asingekanyaga hapa."

Dakta Mwakalobo akasema, "Bila mimi, darasa lenyewe lisingekuwapo."

Bibi Gwantwa akasema, "Njia alionyeshwa, sawa. Mlango ukaachwa wazi, sawa. Alipoketi chini, nani alimwinua?"

Hakuna aliyemkasirikia mwenzake. Walimtazama Atuganile kama mkulima anavyolitazama shamba lililokubali.

Jina likaitwa. Vigelegele vikapasua ukumbi. Atuganile akasimama, joho mikononi, machozi ya fahari yakimlengalenga, na mbele yake watu watatu wamekwisha kunyoosha mikono.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, semeni bila kuoneana haya: mngekuwa yeye, joho lile mngemkabidhi nani?