Vipimo vya Mvua vya Ambakisye

Kisa hiki nimetumiwa na mtu ninayemheshimu. Kisome, kisha mpitishie mwingine.

Sekela aliandika programu ya kuwaonya watu wa bondeni kuhusu mafuriko. Wapima mvua walituma vipimo kwa simu, programu ikavijumlisha.

Ilikuwa fupi na ya kupendeza. Ilichukua kipimo kimoja, ikakiweka kando, kisha ikajiita yenyewe ijumlishe vilivyobaki. Nayo hiyo ikaweka kimoja kando, ikajiita tena. Kila hatua ilisubiri jibu la inayofuata.

Mwezi Januari vipimo viliongezeka. Hatua zinazosubiri zikajaza kumbukumbu ya kompyuta, programu ikaanguka.

Mzee Mwaisumo, aliyemtangulia kazini, alimwita pembeni.

"Usiiongezee nafasi ya kumbukumbu, binti. Kila hatua ibebe jumla iliyofikiwa, iikabidhi kwa inayofuata, iondoke. Isibaki hatua inayosubiri."

Sekela aliona ni kazi ya kuharibu kitu kizuri. Akaongeza nafasi, programu ikafanya kazi tena, wakubwa wakampongeza.

Masika yakaja. Jumanne moja vipimo vilimiminika tangu asubuhi, na saa sita mchana programu ikaanguka kimyakimya. Watu wa bondeni hawakupata onyo, wakadhani wako salama. Saa kumi jioni mto uliwafikia. Walikufa watano, akiwemo Ambakisye, mpima mvua wao, aliyerudi kufungua ng'ombe.

Ofisini walisema mtandao ulikatika, kwamba Ambakisye hakutuma kitu siku ile. Sekela naye alitamani iwe hivyo.

Kesho yake alifanya alichoshauriwa. Alibadilisha mistari mitatu, kwa muda usiofika nusu saa. Kisha akaipa programu vipimo vyote vya Jumanne vilivyokuwa vimepokelewa na kuhifadhiwa.

Haikuanguka. Vipimo vya Ambakisye vilikuwemo vyote kumi na kimoja, cha mwisho cha saa saba. Chini yake kioo kiliandika: HATARI. HAMENI SASA.

Muda wa saa tatu kabla ya maji kufika.

Sekela alikaa akitazama maneno yale. Mzee Mwaisumo alikuwa nyuma yake, hakumlaumu.

"Mkewe nitamwambia nini, mzee?"

"Mwambie mumewe alituma. Mwambie vilifika."

Alikwenda, akamwambia. Mama yule alisikiliza hadi mwisho, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Funzo: Tatizo ulilolipa nafasi zaidi hujalitatua, umeliahirisha tu, na siku litakaporudi, huenda atakayeumia si wewe.